Paa Ambalo Sikulipanda

Mwezi uliopita mjukuu wangu alinipeleka mjini Kisii kwenye mkutano wa mafundi wa ujenzi. Akasimama kijana mmoja mwenye kofia ngumu ya manjano na kadi yenye picha kifuani, akasema kwamba zamani wazee walipiga mabati kiholela, hakukuwa na sheria wala leseni, na kila mwenye nyundo alijiita fundi. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Nilitaka kusimama nimjibu, lakini goti langu la kushoto husimama kwa wakati wake lenyewe, na lilipokuwa tayari mkutano ulikuwa umeshafika kwenye soda. Basi kijana, jibu lako ni hili hapa, na wenzako wote wenye kadi walisome.

Sheria ilikuwako. Leseni ilikuwako, na wakaguzi walikuwako. Mimi mwenyewe nilinyimwa leseni miaka ile ya mwanzo wa sabini, nikiwa nimeezeka nyumba ambazo baadhi yenu mmezaliwa ndani yake. Tena nawaambia mapema ili msije mkanihurumia: ningenyimwa leo kwa sababu ile ile, ningekubali kunyimwa tena.

Naitwa Mogaka. Nilizaliwa chini ya kilima cha Nyanchwa, na kazi ya paa nilifundishwa na mzee aliyeitwa Ombati. Msicheke, hilo ndilo jina alilopewa na wazazi wake kabla bati la kwanza halijafika kijijini kwao. Ombati alianza kama fundi wa nyasi. Watu walipoanza kuondoa nyasi na kuweka mabati, mafundi wenzake wa nyasi walikaa wakilalamika. Yeye alikwenda akakaa siku mbili mbele ya duka lililokuwa likiezekwa sokoni, akatazama tu, akila ndizi. Siku ya tatu akanunua nyundo.

Alikuwa na mdomo mkali. Siku niliyopanda naye kwa mara ya kwanza alinipa gunia nikunje niweke chini ya magoti, maana bati la saa sita mchana linachoma kama kikaango. Nikakataa. Nilikuwa na nguvu na majivuno. Jioni ngozi ya magoti ilibaki juu ya paa la watu, na Ombati akaniambia, "Sasa hiyo nyumba ni yako nusu. Umeacha mwili huko."

Lakini kosa langu kubwa lilikuwa nyumba ya katekista mmoja. Bati, kama mnavyojua, au kama mnavyotakiwa kujua, lina migongo na mabonde. Msumari hupigwa mgongoni, kwa sababu maji hutiririka bondeni. Mimi niliona bonde limekaa vizuri juu ya ufito, msumari unaingia moja kwa moja bila bati kuchezacheza, nikaona nimegundua njia rahisi ambayo wazee hawakuijua. Nikapiga upande mzima bondeni wakati Ombati amekwenda kutafuta mbao. Aliporudi alitazama juu. Akamwambia katekista kwamba kazi imekwisha kwa leo.

Mvua ilipokuja, ile mvua yetu ya saa tisa inayofika kama imekasirishwa na mtu, Ombati alinishika mkono akaniingiza ndani ya ile nyumba, akanipa sufuria. Nilikinga maji mchana ule wote. Nikikimbilia tundu la huku, la kule linadondoka. Katekista na mkewe walikaa pembeni wamejifunika, wakinitazama kwa huruma, na huruma yao ndiyo iliyoniuma zaidi. Ombati alikaa kwenye kigoda katikati ya chumba, sehemu ambayo haikuvuja kwa sababu aliipiga yeye.

"Umepiga matundu mangapi?" akaniuliza.

"Sikuhesabu, mzee."

"Maji yamehesabu."

Kesho yake tuliyang'oa mabati yale yote, tukayageuza ili matundu yakae mgongoni, tukaanza upya. Toka siku hiyo hadi leo sijapiga msumari bondeni.

Ombati ndiye aliyenifundisha pia kusikiliza. Alisema macho ya fundi yakiwa juu ya paa yanatazama mahali anapokanyaga, hayawezi kutazama kila mahali, lakini masikio hayana kazi nyingine. Alinikalisha chini, mgongo kwenye ukuta, yeye akapanda akapiga misumari, na kila msumari nikapaswa kumwambia umefanya nini. Msumari uliopata mti unatoa sauti nzito, fupi, inayokufa hapo hapo. Ukikosa mti, bati linalia peke yake na sauti inatembea hadi mwisho wa paa. Ukipigwa mgongoni, pigo la kwanza lina mruko kidogo kabla ya kushika. Ukipigwa bondeni, hakuna mruko, sauti ni kavu tangu mwanzo. Nilijifunza jambo hili miezi mingi, na alinitukana miezi yote hiyo. Nyinyi mna mashine za kukazia skrubu zinazopiga kelele moja tu, sijui kama mnaweza kusikia kitu.

Sasa tuje kwenye leseni.

Tangazo lilisomwa kwenye baraza la chifu. Likasema kwamba kuanzia sasa makontrakta wote wa kuezeka lazima wapimwe na wawe na leseni, na asiye nayo hataruhusiwa kupanda juu ya nyumba ya mtu. Tulikuwa mafundi kama kumi pale, tukasikiliza kwa adabu, tukaenda zetu nyumbani bila wasiwasi wowote. Kwa nini tuwe na wasiwasi? Kontrakta, kwa jinsi sisi tulivyolijua neno hilo, alikuwa mtu mwenye lori na tumbo. Sisi tulikuwa mafundi. Tukawahurumia hata hao makontrakta kwa usumbufu uliowapata.

Haukupita muda, askari wawili wakasimama chini ya nyumba niliyokuwa naezeka, wakaniita nishuke.

"Wewe ni kontrakta?" mmoja akauliza.

"Hapana, afande. Mimi ni fundi."

"Unaezeka nyumba ya watu, wanakulipa?"

"Ndiyo."

"Basi wewe ni kontrakta."

Nikawa kontrakta namna hiyo, bila lori na bila tumbo. Walichukua nyundo yangu, ikakaa ofisini kwao mpaka nilipokwenda kujaza fomu ya maombi.

Fomu yenyewe iliandikwa na mtu ambaye hajawahi kukaa juu ya paa. Iliuliza anwani ya ofisi ya mwombaji. Nikaandika kwamba ofisi yangu huhama kila inapokamilika. Karani akaniambia nisilete mzaha, nikamwambia si mzaha. Iliuliza ngazi zangu ni za aina gani. Haikuuliza hata sehemu moja kama ninajua mvua hutokea upande gani wa milima yetu, na hilo ndilo jambo la kwanza ambalo fundi hapa Gusii anapaswa kujua, maana unaanza kulaza mabati upande ambao upepo wa mvua unakwenda, ukirudi kule unakotoka, ili kila bati lifunike mwenzake na upepo usipate mdomo wa kuingilia. Haikuuliza kama ninajua kushuka radi inapoanza kunguruma mbali. Radi ya kwetu haingoji mtu amalize bati la mwisho.

Msinielewe vibaya. Sikatai kwamba sheria ilihitajika. Walikuwako matapeli. Mmoja aliezeka nyumba nzima akasahau kufunga mbao za paa kwenye ukuta kwa waya, na upepo ulipokuja ulilinyanyua paa lote, ukaliweka kwenye shamba la jirani likiwa zima kabisa. Watu wa namna hiyo wazuiwe, nami ningesaidia kuwashikilia. Ninachokataa ni sheria inayokuja na majibu yake mfukoni.

Mtihani wa leseni ukapangwa ufanyike mjini, siku ya Jumamosi. Hapo ndipo nilipojua kwamba ofisi ile haikuwa na mtu wa huku hata mmoja. Mafundi wa Nyanchwa, Jumamosi? Sisi Wasabato wote tulikuwa kanisani tumevaa viatu. Walifika Wakatoliki watatu, wakapimwa, wakarudi wakatucheka. Tulipokwenda kulalamika Jumatatu, mkubwa mmoja alikuna kichwa akasema basi, sisi tuliokosa tutapimwa kazini. Mkaguzi atamfuata kila mmoja pale anapofanya kazi wiki hiyo, atamwona akipanda, akipiga, na kumaliza upande mmoja. Nilifurahi sana. Kazini ndiko kwangu.

Tena nilikuwa na haraka ya hiyo leseni. Zahanati ilikuwa inajengwa, majengo matatu na nyumba za wauguzi, na kazi ya paa ingepewa mwenye leseni tu. Mimi na wenzangu wanne tulikuwa tumeahidiwa kwamba nikipata karatasi, kazi ni yetu. Watu watano, familia tano, na kazi ya karibu mwaka mzima. Mke wangu Kemunto alikuwa amezaa mtoto wa tatu. Nyote mnaelewa uzito wa jambo hilo, sina haja ya kuongeza.

Lakini wiki ile, kati ya wiki zote alizoumba Mungu, tulikuwa tunaezeka nyumba ya mama mkwe wangu kule Nyansiongo.

Wakwe zangu walikuwa miongoni mwa waliopata shamba kwenye skimu ya kugawa mashamba, Wazungu walipoondoka. Baba mkwe alifariki miaka miwili baada ya kuhamia, akazikwa hapo hapo shambani. Mama mkwe akabaki na ng'ombe wake na mahindi yake, na akaamua kujenga nyumba ya mabati kwa sababu ile ya nyasi ilikuwa imeanza kuegemea upande mmoja. Jina lake sitawatajia. Hajawahi kumruhusu mtu yeyote kulitaja mbele yake, wala mimi sijawahi kulitaja nyuma yake.

Kwetu iko heshima ya kuoneana haya, tunaiita chinsoni. Mwanamume na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawakai karibu, na hawaoni mahali mwenzake anapolala. Vijana wa leo mnapiga picha na mama wakwe zenu mmekumbatiana, hayo ni yenu. Enzi zetu, kupanda juu ya nyumba ya mama mkwe ambayo haijafunikwa ilikuwa sawa na kufungua mlango wa chumba chake ukachungulia. Na chumba kilikuwa tayari na kitanda. Alikuwa amekihamishia chumba cha mwisho, kikafunikwa kwa turubai, na ukisimama juu ya mbao za paa ungekiona chumba chote.

Kwa hiyo nilipanga kazi hivi: wenzangu wanne walipanda juu, wakiongozwa na Onchari, aliyekuwa msaidizi wangu. Mimi nilisimama nje ya lango, nimegeuzia nyumba mgongo, nikitazama barabara na kusikiliza nyundo. Bati likikosewa nilipaza sauti. Siku mbili tulifanya kazi hivyo, na ilikwenda vizuri kabisa.

Siku ya tatu Land Rover ikasimama mbele yangu. Akashuka mkaguzi, Bwana Mwakio, mtu wa Taita, mwembamba, shati jeupe, begi la ngozi, Kiswahili safi kama cha redioni.

"Wewe ndiye mwombaji?"

"Ndiye mimi."

"Na kazi ni ile pale?"

"Ndiyo, bwana."

"Sasa mbona umeipa mgongo?"

Nikamweleza kwamba nyumba ile siwezi kupanda. Akaniuliza kama naogopa kimo. Nikamwambia nimepanda minara ya kanisa. Akauliza basi nyumba ile ina nini. Sasa, kumweleza vizuri ilinibidi nimtaje mwenye nyumba, na mdomo wangu ukawa mzito. Onchari, kule juu, akaona ninahangaika, akaamua kunisaidia. Onchari hakukaa sana shuleni, na akiwa na haraka Kiswahili chake kilichanganyika na cha nyumbani.

"Bwana mukaguzi," akapaza sauti, "hiyo ni nyumba ya baba! Baba ya bibi yake! Hawezi kupanda!"

Hapa wageni nao waelewe. Katika Ekegusii, baba ni mama. Mama aliyekuzaa unamwita baba, na baba yako unamwita tata. Onchari alisema sawasawa kabisa kwa lugha yake. Lakini Mwakio alisikia kwa lugha ya redioni.

"Baba mkwe?" akasema. "Mwanamume mwenzako? Hiyo ndiyo sababu ya kukataa amri ya serikali?"

Akafungua begi, akaandika barua ya kusimamisha kazi hapo hapo juu ya boneti. Kazi isimame, mafundi washuke, na mwenye nyumba atafute kontrakta mwenye leseni. Akaniuliza jina la mke wangu, na juu akaandika: Kwa Bwana, Baba wa Kemunto. Akaingia uani kumtafuta mzee amkabidhi.

Akatoka mama mkwe jikoni, anajifuta mikono. Mimi nilizidi kutazama barabara, kwa hiyo yaliyofuata nawapa kama masikio yangu yalivyoyapata, na mengine Onchari alinihadithia.

"Shikamoo mama. Namtafuta mzee mwenye nyumba."

"Ya nini?"

"Ana barua ya serikali."

"Soma jina."

Akasoma.

"Hiyo barua si yangu," akasema mama mkwe. "Ni ya bwana yangu. Yeye ndiye baba ya Kemunto kwa Kiswahili. Kaburi yake iko pale nyuma ya migomba. Enda umusomee."

Onchari alilazimika kushika ufito asianguke kwa kucheka. Mwakio akajaribu kusema kwamba ni kosa dogo, atalirekebisha jina, lakini mama mkwe alikuwa ameshamaliza naye. Alichukua ungo wake wa maharagwe, akaenda kwenye rundo la mabati yaliyobaki, akakaa juu yake, akaanza kubambua.

"Mama, tafadhali. Mabati hayo yasitumike mpaka kontrakta..."

"Nani anatumia? Mimi nimekalia."

"Serikali inataka ulindwe, mama. Usije ukaezekewa vibaya."

"Hii serikali yako imeniuliza ni nani nataka aniezekee? Huyo amesimama pale kwa barabara siku mbili, jua inamupiga, hajageuza shingo. Wewe umekuja saa hii tu umefika mpaka kwa mlango ya jikoni yangu."

Mwakio alirudi langoni polepole. Akasimama karibu nami, naye sasa akiitazama barabara.

"Kumbe ni mama mkwe," akasema.

"Ndiye."

"Na baba ni mama."

"Kwetu, ndiyo."

Akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka. Akaichana ile barua, akisema haina wa kuipokea. Halafu akaniuliza, sasa kwa sauti ya mtu na mwenzake, atajuaje kwamba ninaijua kazi ikiwa sipandi. Nikamwambia apande yeye. Afanye lolote atakalo na misumari kule juu, mimi nitamwambia kutoka hapa.

Mama mkwe aliinuka na ungo wake, mabati yakapandishwa, na Mwakio akapanda na shati lake jeupe. Nikamsikia akimnong'oneza Onchari. Nyundo ikaanza.

"Huo sawa," nikapaza sauti. "Huo sawa. Huo umekosa mti. Huo sawa. Huo umepigwa bondeni, ung'oe kabla sijakasirika."

Ukang'olewa. Kisha misumari mitatu ya haraka haraka.

"Miwili mizuri. Wa tatu hakuupiga Onchari. Umepigwa na mtu anayeshika nyundo karibu na kichwa."

Nikasikia vijana wakiangua kicheko, na Mwakio naye ndani yake. Nawaambieni, hakuna siku niliyojisikia fundi kuliko siku ile, nikiwa nimesimama kwenye vumbi, chini, nje ya lango.

Alishuka na kiganja chekundu kwa kutu ya misumari, akatoa fomu, akajaza akiwa ameketi kwenye ngazi ya Land Rover. Ujuzi wa vifaa, ndiyo. Ulazaji wa mabati, ndiyo. Upigaji wa misumari, akaandika kitu kirefu. Halafu kalamu ikasimama.

"Kuna swali hapa," akasema. "Je, mwombaji alipanda yeye mwenyewe juu ya paa mbele ya mkaguzi? Ndiyo au La. Wakiona La, huko ofisi kubwa hawasomi mengine."

Onchari na wenzake walikuwa wameshuka, wamesimama wametuzunguka. Kemunto naye alikuwa ametoka kwa mama yake na mtoto mgongoni.

Kutoka jikoni mama mkwe akatuma neno kupitia kwa Kemunto. Alisema anakwenda kwa jirani, atakaa huko mpaka jioni, nami nipande upesi nipate karatasi yangu. Nilijua ilivyomgharimu kusema hivyo. Nikamwambia Kemunto amshukuru, lakini yeye akienda kwa jirani, kitanda chake hakiendi naye.

Mwakio akafikiri. Akapunguza sauti.

"Fundi, nimeona kazi yako. Nitaandika Ndiyo. Hakuna atakayejua."

Onchari akanishika mkono. "Mogaka, wacha aandike. Ni neno tu. Watoto wetu watakula hiyo zahanati mwaka muzima."

Nilimtazama Onchari, nikamtazama Kemunto, na sitawadanganya kwamba sikuyumba. Niliyumba. Nilipiga hesabu ya unga kichwani nikiwa nimesimama pale. Lakini karatasi ile ingekwenda kwenye faili, na faili za serikali haziozi. Ingekaa huko imeandikwa kwa wino kwamba Mogaka alisimama juu ya chumba cha mama wa mke wake, na aliyeshuhudia ametia sahihi. Mwanamke yule alikuwa ameikalia mali yake mbele ya serikali kwa ajili yangu. Nami nimwandike hivyo?

"Andika La," nikasema.

"Unajua maana yake?"

"Najua. Andika La, halafu unipe niweke sahihi."

Akaandika. Nikaweka sahihi yangu nikiwa nimebonyeza kalamu hadi karatasi ikaingia shimo kidogo.

Zahanati ikaezekwa na kontrakta mwenye leseni, mtu wa lori na tumbo. Sisi watano tukaenda kuchuma maua ya pareto kwenye mashamba ya watu. Onchari hakunisemesha wiki nzima, akichuma mstari wa mbali kabisa na wangu. Alikuwa na haki ya kukasirika, na sikumwomba radhi, kwa sababu ningemdanganya. Nyumbani mboga ilikuwa ile ile kila siku, na Kemunto hakulalamika hata mara moja mbele ya watoto. Nikiwa peke yangu naye alilalamika vya kutosha. Lakini wiki ile nyumba ya mama mkwe ilipokamilika alirudi kutoka kwa mama yake na ujumbe. "Amesema nikwambie amelala kwenye nyumba yake, na hakuona haya."

Mwaka uliofuata niliomba tena. Safari hii tulikuwa tunaezeka nyumba ya mwalimu mmoja kwenye mteremko wa Nyanchwa, siku ya Jumanne. Land Rover ikaja, akashuka Mwakio yule yule, begi lile lile. Mimi nilikuwa chini nakunja gunia la magoti. Hakunisalimia kwanza. Alisimama kando ya barabara, hajakanyaga hata uani.

"Fundi," akasema, "hii nyumba ni ya nani?"

"Ya mwalimu."

"Ni ndugu yako? Mkweo?"

"Hatuna undugu wowote."

Ndipo akaingia uani, akafungua begi, akatoa fomu. Ilikuwa ile ile ya mwaka jana, maneno yale yale yaliyopigwa chapa, lakini katikati ya mistari miwili mtu alikuwa ameongeza mmoja kwa kalamu, herufi ndogo zilizonyooka: Mwenye nyumba ana uhusiano gani na mwombaji? Nikapekua kwa macho rundo lililobaki ndani ya begi. Kila fomu ilikuwa na mstari ule, umeandikwa kwa mkono, moja baada ya nyingine.

"Huu umetoka Nairobi?" nikauliza.

"Nairobi hawajui chochote," akasema Mwakio. "Huu umetoka Nyansiongo."

Nikachukua nyundo, nikapanda.